Kituo cha Basi Mbele ya Duka la Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiamini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako kirefu, mguu umeunyoosha vizuri, na si huko bondeni ukigombana na vibarua kama daktari alivyokukataza. Uvimbe umeshuka? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeipanga dirishani pamoja na wenzake? Mama namsalimu sana. Mwambie kitambaa chake nimekipata, cha maua madogomadogo, si yale makubwa anayosema yanamfanya afanane na pazia la ofisi.

Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakula, wanakua, wanavunja vyombo. Mkwe wako anakusalimu. Amesema nikuambie redio yako imepona na ataileta mwenyewe. Saluni inakwenda, ingawa siku za vikao naiacha kwa msaidizi wangu, na wateja wananinung'unikia kwamba tangu niitwe mheshimiwa nasuka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Nimeshika kalamu kwa sababu hupokei simu zangu. Na hata ungezipokea, baba, mimi na wewe tunajua simu zetu zilivyo: wewe unasema, mimi naitikia, mama anachungulia kuuliza kama tumemaliza. Safari hii nina maneno ambayo lazima yafike mwisho bila kukatwa.

Mdogo wangu alikuja kuniambia ulichosema. Kwamba hoja ya kukirudisha kituo cha basi kwenye lango la zahanati imeletwa na Breki, mpinzani wako wa siku zote, ambaye sasa ni diwani mwenzangu wa kata ya pili. Kwamba imepita. Kwamba mimi, binti yako wa kwanza, uliyemtegemea ndani ya baraza, saa ya kuamua niliinuka nikatoka nje kama mtu aliyebanwa na haja. Na kwamba ulishusha pumzi, ukasema hukujua kuwa ulizaa mwoga.

Neno hilo ndilo limenifanya niandike. Mengine yote ningeyavumilia.

Unajua jinsi nilivyokipata kiti hiki. Wanawake waliokaa mbele ya kioo changu miaka yote ndio walionisukuma, lakini jina lililokuwa midomoni mwa watu ni lako. Nilikuwa binti wa Mzee Kokoto. Kila nilipobisha hodi, mtu alinionyesha ukuta wake akaniambia saruji hii baba yako alitubebea na gari lake mwenyewe mvua ikinyesha. Nikakubali kubebwa na jina hilo, sikatai. Siku ya kuapishwa ulisimama nyuma ya ukumbi na fimbo yako, ukalia, ukasingizia vumbi. Wenzangu wengine, wale wakongwe, wao walinipa jina lao: Diwani wa Saluni. Wanalisema wakitabasamu ili nikikasirika nionekane mimi ndiye mwenye kasoro.

Basi hata kabla hatujazoea viti, tukaitwa kwenye mafunzo ya maadili na utawala bora. Madiwani wote, wapya na wa zamani, tukajazwa kwenye ukumbi wa halmashauri, ule wenye mapazia ya kijani na feni inayolia kama inaonewa. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mwembamba, mwanasheria mstaafu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila ukijaribu kuongea na jirani yako inakufuata mpaka ulipo. Wengi walikuja kwa ajili ya chai. Wengine walikuja kwa ajili ya kupigwa picha. Mimi nilikuja nikiwa na kalamu mbili, kwa kuogopa moja isiniaibishe.

Alitufundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia likielezwa kwa maneno mepesi namna ile. Alisema, jambo linalogusa riziki yako, au ya mtu wa nyumbani kwako, likifika mezani, unasimama, unalitaja waziwazi, unatoka. Hubaki kuwatazama wenzako usoni wakati wanaamua. Hukohoi. Hukonyezi. Unatoka na mlango unafungwa nyuma yako. Diwani mmoja mnene wa kata ya jirani akauliza afanye nini ikiwa kata yake nzima ni ndugu zake, maana akitoka kila mara atamalizia muhula wote kwenye benchi la nje. Ukumbi ukaangua kicheko. Mkufunzi naye akacheka, halafu akamshauri abebe godoro.

Siku iliyofuata akatugawa makundi na kila kundi likapewa kisa cha kujadili, majina yameondolewa. Chetu alikisoma mwalimu mmoja kijana tuliyeapishwa naye siku moja. Palikuwa na diwani aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kituo cha basi kilikuwa kwenye lango la zahanati, juu ya kilima. Diwani huyo akaongoza kamati iliyokihamisha kituo mpaka chini kabisa, mbele ya duka lake, na wakati wa kupiga kura hakutoka, alipiga. Abiria wakawa wateja wake na wagonjwa wakawa wapanda mlima. Swali likauliza: diwani huyu alikosea wapi?

Watu walicheka, baba. Mmoja akasema huyo si diwani, huyo ni fundi. Mwingine akasema angalau angewapunguzia wagonjwa bei ya rangi. Hawakuwa na ubaya; wengi wanatoka kata za mbali, hawakujua. Lakini waliojua walijua. Mwenyekiti wetu, rafiki yako wa ujana, alikuwa meza ya mbele anakitazama kifuniko cha chupa ya maji kama hajawahi kuona kifuniko maishani mwake. Nyuma yangu mtu alinong'ona, kikatulia kicheko upande mmoja wa ukumbi huku upande wa pili bado wanafurahi.

Ningeweza kunyamaza. Mkufunzi hakunijua mimi ni nani. Kisa alikikuta kwenye kumbukumbu za zamani akakichukua kwa sababu kinaeleweka haraka. Ningeinamisha kichwa, nikaandika chochote, muda ukapita, tukaenda kunywa chai. Lakini niliwaza: wakimaliza kumcheka mtu asiye na jina watakwenda mlangoni kumcheka mwenye jina, na mimi nitakuwa nimekaa hapohapo na kalamu zangu mbili. Nikasimama.

Nikasema, "Huyo diwani ni baba yangu."

Nikaendelea, kwa sababu ukishasema la kwanza la pili halikuombi ruhusa. Nikasema kisa hiki kimeacha kipande. Kituo kilipohamishwa, barabara ya zahanati ilikuwa tope tupu. Mabasi yalinasa, abiria wakashuka kusukuma, na mimi mwenyewe nimesukuma nikiwa na sare ya shule. Baba yangu hakuzua sababu. Tope lilikuwepo. Lakini baadaye barabara ikawekwa lami, tope likaisha, na kituo hakikurudi. Hapo ndipo alipokosea. Na pale mwanzo alikosea kupiga kura; angetoka nje, huenda wenzake wangeamua vilevile, na leo kisa hiki kisingekuwepo.

Mkufunzi alivua miwani akaniomba radhi mbele ya watu wote. Akauliza kama nataka kisa kiondolewe kwenye mafunzo. Nikamwambia hapana, akiache, ila aongeze tope.

Najua tayari umekunja uso. Umesikia tu kwamba binti yako alikutaja kwenye hadhara. Nakuomba usikie na hili: katika ukumbi ule wote, mtu pekee aliyekutetea kwa jambo la kweli ni mimi. Wale marafiki zako walikutetea kwa kutazama vifuniko vya chupa.

Tulipotoka, mwenyekiti alinivuta kando, karibu na zile ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Akaniwekea mkono begani kama baba mdogo. Alisema yule mama wa mafunzo atapanda gari lake ataondoka, na sisi tutabaki. Alisema mafunzo ni mafunzo na kazi ni kazi, na mtu mwenye busara havichanganyi. Nikamuuliza, sasa kama havichanganyiki, tulimwita aje kufanya nini? Akaondoa mkono. Tangu siku ile ananisalimu kwa kidevu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukueleza, maana kila nilipojaribu uliliona ni maneno ya saluni. Nina mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, mwenye maradhi ya figo. Huja kusukwa mistari ya kawaida, anasema hataki nywele zimsumbue akilazwa. Mama huyu hushuka kwenye basi mbele ya duka letu akiwa na kigoda chekundu cha plastiki. Nilidhani ni cha kuuza. Siku moja nikamuuliza, akacheka, akasema ni cha kupandia kilima: anatembea kidogo, anakiweka chini, anakaa, moyo ukitulia anainuka tena. Kisha akaniambia kwa wema kabisa, "Familia yenu Mungu awabariki. Mdogo wako huniachia nipumzike barazani kabla sijaanza safari."

Alikuwa ananishukuru, baba. Hakukuwa na hata chembe ya sumu katika maneno yake. Nilimalizia zile nywele nikiwa sioni vizuri, na mistari ikapinda.

Juma lile lile nikapanda naye mpaka juu, nimembebea kigoda. Unakijua kile kilima kwa gari lako. Nenda siku moja kwa miguu yako ilivyo sasa. Katikati pale kuna nyumba yenye ukuta mrefu wa njano. Ukutani, kwa urefu wa bega, rangi imekuwa nyeusi na inang'aa, utadhani umepakwa mafuta. Ni viganja, baba. Ni watu wanaojishikilia. Mwenye nyumba aliniambia alichoka kupaka rangi upya akaacha. Wajawazito, wenye watoto migongoni, wazee, wote wamepita pale wakashika palepale. Nami nikashika.

Haukupita muda hoja ikaingia kwenye ajenda: kituo cha basi kirudi kwenye lango la zahanati. Mleta hoja, Breki. Ukapata habari kabla hata mimi sijaiona karatasi, nadhani mwenyekiti alikupigia. Ukanipigia wewe. Ulisema mengi siku ile. Ulisema Breki hajawahi kusahau kwamba ulimshinda mara mbili, na sasa anasubiri mguu wako uvimbe ndipo akupige. Ulisema hukuhangaika kunisomesha ili niwe pambo la baraza. Ulisema nizungumze na wale wapya, hasa mwalimu, niwaeleze kwamba duka lile ndilo linalomlisha mdogo wangu na wanawe, na hoja ife kabla haijasimama. Nami nikakujibu, nimesikia baba. Ndivyo nilivyosema, nimesikia. Wewe ukachukua kwamba nimekubali, nami sikukurekebisha. Lakini kukubali sikukubali.

Siku ya kikao nilivaa lile gauni la bluu ulilonipa. Ajenda ilipofika, nilinyoosha mkono kabla Breki hajafungua mdomo. Nikasema jambo hili linahusu duka la baba yangu mzazi, linaloendeshwa na ndugu yangu wa tumbo moja, na mimi nimekulia humo. Kwa hiyo naliweka wazi na natoka nje.

Mwenyekiti akatabasamu lile tabasamu lake. Akasema, "Mheshimiwa, kaa tu. Hapa sisi sote ni familia."

Nikamwambia, "Ndiyo maana natoka, mheshimiwa mwenyekiti."

Wengine waliguna, wengine walicheka. Nikaokota mkoba wangu. Ule ukumbi ni mrefu kuliko unavyoonekana ukiwa umekaa. Nilipita katikati ya wale waliotaka nibaki, na baba, nikuambie walitaka nibaki kwa nini. Walijua hawatathubutu kukugusa mimi nikiwa nimeketi pale nawatazama. Nisingehitaji kusema neno. Uso wangu, ambao kila mtu anasema ni wako, ungetosha. Hiyo ndiyo nguvu uliyotaka niitumie, na niliujua uzito wake, na niliitoa nje ya ukumbi kwa miguu yangu miwili.

Nilikaa kwenye benchi la korido, karibu na chumba cha wachapaji. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa nta, harufu imejaa. Mhudumu wa ofisi alipita na birika la chai akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia nimejifukuza. Akanimiminia kikombe akasema basi huyo anastahili sukari ya ziada. Kupitia mlangoni nilisikia sauti tu bila maneno: ya Breki nzito, ya mwenyekiti ikipanda, ya mwalimu. Nikiri, kuna wakati nilitamani kurudi ndani nikaseme lolote, hata la kukuokoa. Nikaishika mbao ya benchi nikakaa. Mtu anayekimbia, baba, huwa hakai mlangoni anakunywa chai ya moto. Mtu anayekimbia huenda nyumbani.

Katibu akafungua mlango, akasema imepita. Nikanawa uso, nikarudi kwenye kiti changu, tukaendelea na habari za taa za barabarani.

Mdogo wangu hakungoja hata nifike nyumbani. Alinikuta saluni, wanawake wamejaa, mmoja yuko chini ya mashine ya kukaushia nywele hivyo ikabidi wenzake wamsimulie baadaye. Alisema nimemtia shimoni. Alisema nimeuza duka ili nipigiwe makofi na mama wa mafunzo. Nikamwambia watu hawateremki kwenye basi kwa bahati mbaya wakajikuta wamenunua saruji. Anayejenga atakuja hata kituo kikihamia mbinguni. Alikaribia kucheka, nilimwona, akakumbuka kwamba amekasirika. Ila sitakudanganya kama nilivyojaribu kumdanganya yeye. Kufuli, balbu, misumari, koki za mabomba, hivyo hununuliwa na wapita njia, na wapita njia watapungua. Duka litatikisika. Nimemwambia nitakaa naye tupange namna ya kupeleka mizigo kwa wajenzi huko waliko, na siku zisizo za kikao nitasimama kaunta mwenyewe. Akasema hataki kuniona. Kesho yake akanitumia ujumbe kuuliza kama mkwe wako anaweza kutengeneza mkokoteni. Kwa hiyo usiniambie ndugu hawanisemeshi.

Sasa nimefika nilipokuwa naelekea tangu mstari wa kwanza. Ungeketi vizuri.

Hoja ile haikuwa ya Breki.

Mimi ndiye niliyemfuata. Siku ileile niliyoshika ule ukuta, niliteremka kilima moja kwa moja mpaka gereji kwake. Alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, na niliongea na ile miguu muda mrefu kabla hajatoka. Nilipomaliza akajivuta nje, akajifuta mikono, akaniuliza kama wewe ndiye umenituma nimtege. Nikamwambia wewe, baba, hujui, na ukijua utaumia. Akasema hapendi watu wanaotaka kuvunja nyumba yao kwa nyundo ya jirani.

"Unataka mimi niwe mbaya," alisema, "wewe ukae pembeni na mikono yako safi."

Nikamwambia, "Mikono yangu si safi. Nimekula kwenye lile duka tangu sijaota meno. Ndiyo maana siruhusiwi kupiga kura. Ingekuwa safi nisingekuja kwako."

Nikamwekea sharti: asikutukane. Hata neno moja. Na aseme habari ya tope. Akakubali, baba. Katibu amenithibitishia, na mwalimu pia: Breki alianza kwa kusema kwamba zamani zile barabara ilikuwa haipitiki na Mzee Kokoto alikuwa sahihi kukitoa kituo pale, ila sasa hali imebadilika. Mtu uliyemwita nyoka miaka yote alisimama akasema ulikuwa sahihi. Mwenyekiti, rafiki yako, alipoanza kukutetea, alisahau kabisa tope. Alisema tu kwamba kuwabughudhi wazee si adabu.

Nilimpigia pia yule mkufunzi kabla ya kikao, nikamweleza kila kitu, jina langu na lako. Alisema kumwomba mwenzangu si kosa mradi nisikae mezani, ila nisilifiche. Kwa hiyo kikao kijacho nitasimama niliambie baraza, liandikwe kwenye kumbukumbu, kwamba mwenye wazo la hoja ile ni mimi. Wapo watakaosema nimepiga chenga. Wapo watakaosema mtoto asiye na radhi za mzazi hana mwisho mwema. Waseme. Nilitaka tu wewe uwe wa kwanza kujua, na ujue kutoka kwangu.

Basi usiniite mwoga. Kama ni kunikasirikia, nikasirikie kwa nililofanya, si kwa nisilofanya. Sikukutoroka. Nilipanga, nikatembea, nikagonga mlango wa adui yako mchana kweupe, nikatoka ukumbini nikiwa najua kabisa kitakachotokea nyuma yangu. Ukitafuta mwoga katika habari hii utamkosa. Utamkuta mwanamke mkaidi, na mama anasema ukaidi huo haukutoka kwao.

Sitaomba msamaha, baba. Nimeukalia msamaha huo usiku na mchana nikajiuliza kama upo moyoni, haupo. Kilichopo ni kwamba nakupenda, na kwamba kituo kitarudi juu, na mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu bila kugombana. Wewe ndiye unayeona yanagombana. Ukinipa radhi zako nitazipokea kwa mikono miwili. Ukizizuia, nitaendelea kukuletea dawa, kitambaa cha mama na redio, na nitaendelea kukaa kwenye kile kiti mpaka wapiga kura waniondoe.

Wafanyakazi wa manispaa wameanza kuchimba mashimo ya nguzo za kibanda kule zahanati. Nitakuja Jumapili kukuona. Nikikuta mlango umefungwa sitapiga kelele wala kubembeleza. Nitavua viatu, nitakaa barazani na kusuka nywele za mama hapohapo nje, taratibu, na sina haraka hata kidogo. Mvua ikinyesha utasikia bati likilia juu ya vichwa vyetu sisi wawili, na uamuzi utakuwa wako.

Nisalimie majirani wote, na yule kibarua mzee anayekuvumilia. Mama mbusu kwa niaba yangu. Chua mguu.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Diwani wa kata yako.